Karatasi inasema wagonjwa Waafrika ni 6%, mimi dirishani naona robo nzima. Hesabu za sensa zinakosea wapi?

DadaWaMapokezi
Habari za jioni wakuu. Niko England, Midlands, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya daktari wa familia, GP kama tunavyoita huku, huu mwaka wa saba. Wiki iliyopita meneja katuletea karatasi ya "sura ya wagonjwa wetu", wazee wangapi, watoto wangapi, Wazungu asilimia ngapi, Waasia ngapi, sisi Waafrika ngapi. Tumeandikiwa 6%. Nikauliza mmehesabu vipi maana hakuna aliyetuuliza sisi tunaowaona watu, nikajibiwa imetokana na sensa ya mitaa inayozunguka kliniki.

Sasa mimi nakaa dirishani kuanzia saa mbili asubuhi. Foleni ikiwa na watu wanne mmoja ni wa kwetu, na Jumatano anapokuja mkalimani wa Kiswahili ndiyo usiseme. Na ndiko kwenye shida yenyewe, kwa sababu ya hiyo 6% wanataka mkalimani wa Jumatano aondolewe ibaki huduma ya kwa simu tu. Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja na dawa zake kwenye mfuko wa nailoni, akazimwaga zote mezani, mkalimani akashika boksi mbili akaona majina tofauti ila dawa ni ile ile ya presha, bibi alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi. Kwa simu nani angeziona?

Wanaojua takwimu nisaidieni. Hiyo 6% inapatikanaje, na inawezaje kuwa mbali hivi na ninachokiona kwa macho yangu?

Ngedere_Mpole
Siti ya mbele nimeshika. Wataalamu njooni.

MtuWaHesabu
Pole na kazi dada. Nafanya kazi za data za afya, ngoja nieleze inavyopikwa.

England imekatwa vipande vidogo vya sensa vinaitwa LSOA, kwa mipaka ya 2021 viko 33,755, kila kimoja kina watu kati ya 1,000 na 3,000 hivi. Sensa inatoa kwa kila kipande umri, kabila, lugha, afya, nyumba n.k. Upande wa pili NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku, inachapisha orodha ya kila kliniki ina wagonjwa wangapi kutoka kila kipande, hii ya vipande inatoka kila miezi mitatu. Mtu anachofanya ni kuzidisha na kujumlisha.

Mfano wa kubuni tu: kliniki ina watu 9,000. Upande wa stesheni wanatoka 3,000 na sensa inasema huko Waafrika ni 12%, hao 360. Upande wa mlimani 4,000 kwa 3%, hao 120. Ng'ambo ya mto 2,000 kwa 3%, hao 60. Jumla 540 gawanya kwa 9,000 = 6%. Basi, ndiyo karatasi ya meneja wako hiyo.

Uzuri wake ni kwamba ni bure, inafanyika kliniki zote kwa jioni moja na haigusi faili la mtu yeyote. Ubaya wake ni ile dhana iliyofichwa ndani, kwamba wagonjwa wako kutoka mtaa fulani wanafanana na watu wote wa mtaa ule.

BabaZuhura
Na dhana hiyo ndiyo inayokufa mapema mkuu. Mtaani kwetu kuna kliniki mbili zinatazamana ng'ambo ya barabara. Sisi wote wa msikitini tuko kwenye moja, kwa sababu daktari mmoja pale alikuwa anajua salamu mbili tatu za Kiswahili na alikuwa hamharakishi mtu, mmoja akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia shemeji, mpaka leo daktari ameshastaafu na sisi bado tuko pale. Ukichukua wastani wa mtaa ukazigawia kliniki zote mbili sawa sawa, ile ya kwetu utaipunja na ile nyingine utaipa watu ambao haijawahi kuwaona. Dada, kliniki yenu ina mkalimani, watu wanaifuata. Kesi imekwisha.

NesiMstaafu_Salma
Haijaisha baba, tulia kwanza 😊

Wanangu mambo haya si mapya. Nilianza unesi London 1987, wakati huo wimbo ulikuwa Jarman. Brian Jarman, naye alikuwa GP, alichapisha kipimo chake 1983 akitumia sensa ya 1981. Aliwauliza madaktari wa familia ni watu gani wanaowaongezea mzigo wa kazi, akatoka na mambo manane: wazee wanaoishi peke yao, watoto chini ya miaka mitano, mzazi anayelea peke yake, wafanyakazi wasio na ujuzi, wasio na kazi, nyumba zilizosongamana, waliohama ndani ya mwaka, na wahamiaji kutoka nchi fulani. Mkataba mpya wa madaktari wa familia wa 1990 ukaja, madaktari wakaanza kulipwa nyongeza kwa kila mgonjwa anayeishi kwenye kata yenye alama kubwa.

Nawaambia kilichotuuma. Kata moja ina maghorofa ya halmashauri yenye lifti mbovu upande huu na nyumba za bustani upande ule. Wastani unatoka wa kati na kati. Nilikuwa nawafunga vidonda wazee wa ghorofa ya kumi na moja ambao kwenye karatasi walikuwa "kata ya kawaida". Sasa hivi vipande ni vidogo kuliko kata, nashukuru, ila ugonjwa ni ule ule.

Kijana_wa_Posta
Shikamoo shangazi Salma. Swali la pembeni, hii sensa si ilikuwa 2022? Maana naikumbuka kabisa watu waliambiwa watulie nyumbani wahesabiwe.

MtuWaHesabu
Hapana, England na Wales ilikuwa 21 Machi 2021. Scotland ndiyo waliisogeza mwaka mmoja kwa ajili ya korona ikawa Machi 2022. Wewe unaikumbuka ya Tanzania, usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, siku yenyewe ilikuwa mapumziko.

Kijana_wa_Posta
Kweli nilikuwa likizo nyumbani 😂 basi sikuhesabiwa kokote.

NesiMstaafu_Salma
Marahaba mwanangu. Ulihesabiwa huko ulikolala.

Farasi_wa_Leicester
BabaZuhura ana hoja, lakini naomba tuipime kwa namba za MtuWaHesabu tusiimeze nzima. Tuseme upande wa stesheni una wakazi 6,000, Waafrika 12% ni 720. Mlimani 8,000 kwa 3% ni 240. Ng'ambo ya mto 4,000 kwa 3% ni 120. Jumla yao wote 1,080. Hata Waafrika WOTE wa mitaa hiyo, hata mtoto wa juzi, wangejisajili kwa dada peke yake, ni 1,080 kati ya 9,000, yaani 12%. Robo haifiki.

Mbinu hii si yangu, Duncan na Davis waliiandika 1953: kabla ya kukisia tafuta kwanza chini kabisa na juu kabisa panapowezekana. Hapa chini ni 0 na juu ni 12%. Kwa hiyo kwa mfano huu "wanaifuata kliniki" peke yake haitoshi. Dada ukipata namba zenu za kweli zifanyie hivyo hivyo.

BabaZuhura
Aisee. Sawa, nimekusikia. Ila na wewe umeziamini namba za sensa kama zimeshuka na malaika.

DadaWaMapokezi
Asanteni sana, nasoma kila kitu. Leo nimeitazama tena ile karatasi, chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi imeandikwa "sensa ya 2011". Hii ni kawaida kweli?

MtuWaHesabu
Loo. Hapo sasa. Inatokea sana, mtu kairithi Eksel ya zamani anabadilisha orodha ya wagonjwa tu, upande wa sensa haugusi. Na mipaka ya vipande vingine ilibadilika kati ya 2011 na 2021, palipojaa watu pamegawanywa, palipopungua pameunganishwa, ukiunganisha jedwali la zamani na orodha mpya kuna vipande vinaanguka kimya kimya bila kompyuta kulalamika. Na vinavyoanguka mara nyingi ndivyo vilivyokua haraka, maana ndivyo vilivyogawanywa. Sasa mitaa inayokua haraka inajazwa na nani? Wageni.

Kwa England na Wales nzima, waliojaza Mwafrika mweusi walikuwa karibu milioni 1 mwaka 2011, sawa na 1.8%. Mwaka 2021 ni karibu milioni 1.5, sawa na 2.5%.

Farasi_wa_Leicester
Yaani idadi imekua mara moja na nusu, ila asilimia yao imekua kama mara 1.4, maana na watu wengine wameongezeka. Basi 6% yako ikikua kama nchi nzima inakuwa kama 8%, na ile juu kabisa ya 12% inakuwa kama 17%. Tunasogea lakini robo bado. Labda mtaa wako umekua kuliko wastani wa nchi, hilo linawezekana, sensa mpya itasema.

MamaPacha
Mimi si mtu wa hesabu, mimi ni mama. Dada anahesabu watu waliopo kwenye FOLENI. Pacha wangu walipokuwa chini ya mwaka mmoja nilikuwa hapo kliniki mara ngapi sijui, chanjo, homa, upele, kupima uzito. Mume wangu yuko kwenye orodha hiyo hiyo na hajakanyaga miaka minne. Anayekaa dirishani atasema kliniki imejaa akina mama wenye watoto, na wanaume wa miaka 35 hawapo duniani. Waafrika wengi huku ni familia changa. Kwa hiyo inawezekana wote wawili wanasema kweli, karatasi inahesabu majina na dada anahesabu ziara.

BabaZuhura
Mama umeongea. Na hao kina baba wa miaka 35 waje wapimwe presha jamani.

Mhindi_wa_Mwanza
Salaam nyote. Farasi jirani yangu, tuko mji mmoja. Ngoja niwavuruge kidogo.

Mimi nimezaliwa Mwanza, babu yangu alikuwa na duka kule, Kiswahili ndiyo lugha niliyogombania nayo na wenzangu shuleni. Huku Leicester wamejaa watu wa aina yangu, wa kutoka Kenya na Tanzania, na wale waliofukuzwa Uganda 1972. Sensa ya 2021 Leicester Waasia ni 43.4%, Wazungu 40.9%. Mimi kwenye fomu ni "Mhindi". Mama yangu ana miaka 81, Kiingereza kimemwondoka kabisa toka apate kiharusi, kimebaki Kigujarati na Kiswahili, na kwa manesi anapenda Kiswahili. Ni mgonjwa wa mkalimani wa Kiswahili kwenye karatasi ya nani huyo?

Na kinyume chake pia, Mswahili wa Lamu mwenye asili ya Oman atajaza "Mwarabu", kisanduku hicho kimewekwa 2011. Kwa hiyo dada usitumie asilimia ya Waafrika kupigania mkalimani. Tumia lugha.

Ngedere_Mpole
Mzee wa Mwanza nimekuvulia kofia. Ila sema ukweli, bado unajua kumenya sato?

Mhindi_wa_Mwanza
Sisi wa mboga mboga kaka, usinitie majaribuni 😄

Kijana_wa_Posta
Lugha si inaulizwa kwenye sensa? Basi dada achukue wasema Kiswahili wa mitaa yake.

NesiMstaafu_Salma
Inaulizwa tangu 2011, na Kiswahili kina mstari wake kwenye majedwali. Lakini swali ni lugha yako KUU, moja tu. Mimi hapa niliandika Kiingereza maana ndiyo ya kazini maisha yangu yote. Na ukishuka hadi kwenye vipande vidogo, Kiswahili mara nyingi kinamezwa ndani ya kundi kubwa la lugha za Afrika.

Tena wapo walioogopa. Dada mmoja jirani yangu, karatasi zake za kukaa hazijakamilika, aliniambia "shangazi hiyo fomu siiandiki, watanifuata". Nikamweleza sensa huku fomu zinafungwa miaka mia moja, Home Office, wizara inayoshughulika na wahamiaji, hawapewi jina lake. Hakuniamini. Najua hakuijaza kwa sababu bahasha ilikaa juu ya friji mpaka Juni.

MtuWaHesabu
Shangazi kwa haki tu, sensa ya 2021 nyumba 97% zilijibu, na walioachwa wanakadiriwa kwa utafiti maalumu unaofanyika baada ya sensa. Si kwamba wanasahaulika.

NesiMstaafu_Salma
Sikatai mwanangu. Ila hiyo 97% ni ya nchi. Hawa wasiojibu hawakutawanyika sawa sawa kila mtaa, wamekaa pamoja, na ndio hao hao wanaokaa kwenye foleni ya dada.

MtuWaHesabu
Hapo umenishika.

Daftari_Wazi
Nimechelewa uzi, naongeza mawili. Kwanza wagonjwa hewa. Waliosajiliwa kwa GP England ni zaidi ya milioni 60, wakazi kwa sensa ni milioni 56.5. Ziada ni watu waliohama, waliorudi kwao, waliofariki na jina bado lipo. Kwenye miji yenye watu wa kuhama hama wagonjwa hewa ni wengi, na wanabaki kwenye anwani ya zamani, kwa hiyo hata ule upande wa pili wa hesabu ambao MtuWaHesabu ameutaja bila kuutilia shaka, nao una nyufa.

Pili, dada ana chuo karibu? Wanafunzi wanahesabiwa kwenye anwani ya masomo, lakini Machi 2021 wengi walikuwa kwao kwa ajili ya korona. Wenye sensa walirekebisha, ila marekebisho ni makadirio juu ya makadirio.

Na toka Januari 2015 kliniki zinaruhusiwa kusajili mtu anayeishi nje ya eneo lao. Kwa hiyo orodha yenu inaweza kuwa na familia zinazopanda basi mbili kumfuata mkalimani. Hao kwenye hesabu wanapewa sura ya mtaa wao wa mbali, ambako pengine wao ndio Waafrika peke yao.

BabaZuhura
Si nilisema! Wanaifuata kliniki! Na ile juu kabisa ya Farasi ya 12% ilihesabu mitaa mitatu tu.

Farasi_wa_Leicester
Nakubali, mipaka yangu ilikuwa ya mitaa mitatu. Lakini wanaotoka mbali kwa kawaida ni wachache, dada atuambie.

Halafu kuna kisa kimoja nakipenda sana. Robinson, Marekani, 1950, alichukua sensa yao ya 1930. Akatazama majimbo: yenye wahamiaji wengi ndiyo yenye wasiojua kusoma WACHACHE. Ungesema wahamiaji wanajua kusoma kuliko wenyeji. Akashuka kwa mtu mmoja mmoja, kinyume chake, wahamiaji ndio waliokuwa hawajui kusoma zaidi. Imekuwaje? Wahamiaji walikwenda kukaa kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walisoma. Jimbo halikusema uongo, ila halikuwa linamzungumzia mtu. Ndiyo maana mimi naogopa mtu anapotoka kwenye "mtaa huu uko hivi" na kwenda "mgonjwa huyu yuko hivi".

Kijana_wa_Posta
Hii nimeisoma mara tatu. Nzuri.

MamaPacha
Kwani si waulize tu? Mgonjwa anaposajiliwa si anajaza kabila na lugha? Faili si lipo?

DadaWaMapokezi
Mama umegusa kidonda. Fomu ina sehemu hiyo. Lakini asubuhi simu tatu zinalia, mtu ana mtoto analia, ile sehemu inaachwa tupu au mwenzangu anaweka "hajasema" bila kuuliza ili ukurasa ufunguke. Na mimi nimewahi kufanya hivyo, nasema ukweli. Lugha ndiyo kabisa, mtu akisema "yes, yes" tunaweka Kiingereza.

Daftari_Wazi
Wengine wanakisia kwa majina. Huku kuna programu ya zamani inaitwa Nam Pehchan, ilitengenezwa kutambua majina ya Asia Kusini. Kwetu sisi ni kazi bure, Fatma Juma unaweza kumdaka, Grace Joseph atakuwa mtu wa popote, na Fatma mwenyewe anaweza kuwa wa nchi kumi.

NesiMstaafu_Salma
Na si mambo ya mkalimani tu jamani. Kisukari kwa mtu wa asili ya Asia Kusini au Mwafrika kinakuja na uzito mdogo zaidi, mwongozo wa NICE, shirika linalotoa miongozo ya matibabu huku, unataka tuanze kuangalia hatari kwenye BMI 23 (uzito ukilinganishwa na urefu), kwa Mzungu ni 25. Kliniki ikiamini ina Waafrika 6% itawaita kupima wachache, itawakuta wagonjwa wachache, halafu itasema unaona, hawaumwi.

MtuWaHesabu
Dada mimi naona hivi. Usiende kwa meneja kusema sensa ni uongo. Mwambie kwanza hesabu irudiwe kwa 2021, ni kazi ya saa moja, nitumie majina ya vipande faragha nitakufanyia. Pili mfanye wiki mbili tu za kuuliza lugha kila anayefika dirishani na kila anayepiga simu, mkiandika na umri, ili hoja ya MamaPacha tuione. Tutapata namba mbili tofauti, na ile tofauti yenyewe ndiyo tutaijadili.

Farasi_wa_Leicester
Ongeza na ya tatu, waliofika dirishani mara ya pili ndani ya wiki hizo wawekewe alama, la sivyo pacha wa MamaPacha watakuwa watu sita.

BabaZuhura
Mimi nang'ang'ana na yangu. Muulizeni kila mmoja KWA NINI alichagua kliniki hii. Mtakuja kuniambia.

Mhindi_wa_Mwanza
Na msiulize "lugha yako kuu". Ulizeni "ukiwa unaumwa unapenda kuongea na daktari kwa lugha gani". Mama yangu atawajibu kabla hamjamaliza.

DadaWaMapokezi
Nimeongea na meneja leo mchana. Hakukataa, ameshangaa kuona ni ya 2011, kasema hakuijaza yeye. Mkalimani anabaki mpaka mwisho wa mwezi kwanza. Nimechapisha karatasi ya mistari yenye swali la mzee wa Mwanza, na la BabaZuhura nimeliweka chini yake, na sehemu ya alama ya waliorudi. Kesho ni Jumatano. MtuWaHesabu nakutumia vipande vyetu usiku huu, viko 23, na kimoja nimekitazama kwenye ramani kiko mbali kabisa, sijui hao wanakujaje.

BabaZuhura
Basi mbili dada. Waulize.